Ghorofa la Ziwani na Ghorofa la Vitambaa

Niliporudi Bukoba na shahada yangu, mji ulikuwa na maghorofa mawili yaliyostahili kuitwa marefu, na watu walibishana kila siku ni lipi limelizidi lenzake. Moja lilikuwa jipya, karibu na ziwa, lina orofa nne. Jingine lilikuwa upande wa soko, orofa tatu, na lilijengwa kabla ya Uhuru na mfanyabiashara Mhindi aliyeuza vitambaa. Hilo la pili lilikuwa mwinukoni, kwa hiyo ukiyatazama kutoka Kitendaguro mapaa yalionekana karibu sawa. Ndiyo maana ubishi haukwisha.

Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, nimeona majengo ya orofa kumi na zaidi. Siku ya kwanza niliposikia watu wawili wakibishana juu ya maghorofa yale kwa kinyozi, nilicheka. Kisha nikawaza kwamba huenda wameniona nikicheka. Kisha nikawaza kwamba wameniona na wamejua ninacheka nini. Nilibadilisha kinyozi.

Wakati huo maghorofa yote mawili yalikuwa mali ya umma, na mimi nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia vyama vya ushirika. Wakulima wa kahawa walikuwa wanatafutiwa jengo la ofisi zao, lenye ukumbi wa kukutania wajumbe kutoka vijijini. Mkuu wangu wa kazi alikuwa mtu wa kusini, mnene, mwenye subira ya dakika tano kwa siku. Aliniita mwezi wangu wa pili kazini.

"Msomi, umeyaona yale maghorofa mawili?"

"Nimeyaona, Mkuu."

"Usiniite Mkuu. Siku hizi sote ni ndugu."

"Ndiyo, Ndugu Mkuu."

Aliguna. "Nenda ukayalinganishe. Niletee kurasa mbili. Mwisho uandike: hili, si lile. Usiniandikie 'kwa upande mmoja, kwa upande mwingine.' Nimewajua nyinyi."

Wiki hiyohiyo baba yangu alikuja mjini kutoka Ijumbi. Nilikuwa nimepanga chumba Bilele, kwa mama mmoja mjane, Mlutheri, aliyenipenda ingawa kwetu tulikuwa Wakatoliki. Tata, kama tunavyomwita baba kwetu, aliponyanyua pazia la mlango nilikuwa nimesimama na kikombe mkononi. Nilikiweka chini haraka, nikachuchumaa, nikasema, "Kasinge waitu." Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mtoto hamsalimii baba yake huku kichwa chake kiko juu ya kichwa cha baba. Unajishusha kwanza, ndipo salamu inatoka. Ukiwa na shahada unajishusha haraka zaidi, ili watu wasiseme.

Tata alikuja kunipa habari. Kijiji kilikuwa kimemchagua mjumbe. Hakuwa mtu wa mikutano. Kanisani alikaa nyuma, na kwenye pombe ya ndizi aliwasikiliza wengine. Lakini kahawa ya Ijumbi ilikuwa inapelekwa kituo cha mbali, ng'ambo ya bonde, na wanawake waliibeba kichwani. Msimu wa mvua ililowa njiani, na karani wa kituo aliikataa. Mama alikuwa amerudishwa na gunia lake mara mbili mwaka ule. Mara ya pili alikaa chini barabarani, hakutaka kuinuka.

"Nina neno moja tu," Tata alisema. "Tujengewe banda la kupokelea kahawa Ijumbi. Nitalisema, nitakaa."

Alilirudia mbele yangu mara tatu, akibadilisha maneno mawili matatu, kama mtoto anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza. Kisha akaniuliza kama ni kweli ninachagua nyumba ya kukutania.

"Naandika maoni tu, Tata."

"Basi andika nyumba ambayo mtu akiingia, neno lake halimtoki kichwani."

Niliichukulia sentensi hiyo kama amri, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Nilipima kila kitu. Nilikwenda na utepe wa kupimia, daftari, na kalamu mbili, ya pili ikiwa ya tahadhari. Katika ghorofa la Ziwani nilipima kumbi, madirisha, kimo cha dari, umbali wa bomba la maji kutoka kila mlango. Nilisimama katikati ya ukumbi wa orofa ya tatu, nikasema kwa sauti, "Tujengewe banda Ijumbi," nisikie kama sauti inafika ukutani. Ilifika. Fundi aliyekuwa anapaka rangi aligeuka kunitazama, nami nikajifanya nakohoa.

Jengo lile lilikuwa na kila kitu nilichofundishwa kukipenda. Lilikuwa na mwanga, na upepo wa ziwa uliingia upande mmoja ukatokea upande wa pili. Ngazi yake ilikuwa ndani, kati ya kuta mbili, imenyooka kama bomba kutoka orofa hadi orofa, upana wake futi tatu. Niliandika: "Ngazi ni safi, imara, haichukui nafasi kubwa."

Ghorofa la Vitambaa lilikuwa na giza ndani na harufu ya marobota ya zamani. Ngazi yake ilikuwa nje, nyuma ya jengo, pana, na kila ilipokata kona palikuwa na sakafu ya kutosha kuweka kitanda. Mtunzaji wa jengo, mzee aliyekuwa mchukuzi wa yule tajiri wa vitambaa tangu ujana wake, alinifuata kila nilipokwenda, mikono nyuma.

"Umepima mpaka tundu la ufunguo," aliniambia. "Ngazi je?"

"Nimeipima, mzee. Ni kubwa mno. Inapoteza nafasi."

"Hiyo kona ni pa kupishania."

"Nimeona, ni kubwa."

"Sikusema kubwa, mwanangu. Nimesema pa kupishania."

Niliandika: "Kubwa mno."

Ripoti yangu ya kwanza ilifika kurasa kumi na moja. Nilichagua Ziwani, nikabadili nikachagua Vitambaa kwa sababu ya kuwa karibu na soko, nikarudi Ziwani kwa sababu ya upepo. Asubuhi moja mama mwenye nyumba alinikuta nimepanga karatasi sakafuni kwa mistari miwili, nazungumza nazo.

"Mwanangu," alisema, "na siku ya kuoa utawasimamisha wasichana wawili uwapime kwa utepe?"

"Hapana, mama."

"Utawapima. Nakuona. Na watakapokuwa wamezeeka wote wawili utaandika barua kwamba bado unafikiri."

Nikampelekea Mkuu kurasa nne. Alisoma ya mwisho tu. "Ziwani," alisema. "Vizuri. Ilikuwa vigumu?" Akatia sahihi kabla sijajua kama hilo lilikuwa swali.

Mkutano wa kwanza wa wajumbe ulifanyika huko baada ya wiki chache, siku ya mvua nyepesi. Nilikuwa juu, orofa ya tatu, napanga karatasi kwenye viti. Malori yaliyoleta watu wa Muleba, upande wa kwetu, yalikuwa yameshafika, na nilijua Tata yumo. Nilikuwa nimemwona kupitia dirishani akishuka, amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi la harusi yake, akilinda goti lake la kulia ambalo lilimsumbua. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa analirudia neno lake.

Mkuu akanituma chini nikalete chaki.

Nilishuka mbio hadi orofa ya kwanza. Nilikuwa nimefika katikati ya kipande cha mwisho nilipomwona Tata anaingia chini, anakanyaga kidato cha kwanza, mkono ukutani. Nyuma yake walikuwa wazee wengine watano au sita, mmoja nyuma ya mwenzake. Aliinua uso akaniona. Alisimama, akingoja.

Nimejaribu mara nyingi kuhesabu mawazo niliyokuwa nayo pale, na kila nikiyahesabu yanaongezeka. Nilikuwa juu ya baba yangu kwa vidato kumi. Nikichuchumaa pale nilipo, magoti yangu yangekuwa juu ya kichwa chake, na hiyo si salamu, ni dharau yenye umbo la salamu. Nikishuka, ingebidi nimpite bega kwa bega, nimsukume ukutani na goti lake bovu, kabla sijamsalimia, mbele ya wazee wa vijiji vingine. Nikimsalimia nimesimama, Mkuu angefurahi, kwa maana alishatuambia ofisini hakuna magoti, sote ni ndugu. Lakini wazee wale wangerudi Muleba, wangesimulia mtoto wa Ijumbi aliyekwenda Dar es Salaam akarudi na shingo ya mbao. Nikawaza kuruka. Ni kweli, niliwaza kuruka.

Nikageuka nikapanda. Nia yangu ilikuwa nimngojee juu, mahali tutakapokuwa sakafu moja, nichuchumae vizuri. Nilipanda haraka ili apate nafasi. Kutoka chini, bila shaka, ilionekana kama mtoto amemwona baba yake akakimbia.

Juu, Mkuu alikuwa mlangoni. "Chaki iko wapi?"

"Inakuja," nilisema, nikaona mwenyewe kwamba ni upuuzi. Akanishika mkono akanivuta ndani nikagawe karatasi. Wazee waliingia, kanzu na makoti, wengi. Nilijiambia yumo. Nilijiambia amekaa nyuma kama kanisani. Sikugeuka kutazama, kwa sababu nikigeuka macho yetu yangekutana na bado sijamsalimia. Hivyo nilikaa saa nzima na nusu nimeelekea ubao usio na chaki.

Wakaanza kuita vijiji, kila kimoja kitoe haja yake. Walisimama mmoja mmoja, wakasema.

"Ijumbi?"

Mwenyekiti aliinua macho kutoka kwenye orodha.

"Ijumbi? Hawajaja?"

Viti vililia kidogo, watu wakageuka. Mimi pia niligeuka sasa. Hakuwapo. Nililijua neno lake lote, hata yale maneno mawili matatu aliyoyabadilisha. Lakini mimi sikuwa mjumbe, nilikuwa karani, na nikawa bado napima kama karani anaruhusiwa kusema, wakati mwenyekiti alipoita kijiji kinachofuata.

Nilimkuta chini, barazani, ameketi kwenye ukingo wa saruji karibu na baiskeli za watu, upindo wa kanzu umelowa. Alikuwa amewapisha wenzake wote wakapanda. Nilichuchumaa kabla sijamfikia, nikaenda vile vile kama bata.

"Kasinge waitu, Tata."

Aliipokea salamu yote, bila haraka. Aliniuliza afya yangu, kama nimekula, kama mama mwenye nyumba hajambo. Kisha akaegemea goti zima, akainuka.

"Haya. Sasa ninaweza kupanda."

Mtoto akikupa mgongo kabla ya salamu, baba hamfuati. Anangoja mpaka mtoto arudi. Nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu. Nilikuwa nimekwenda kumngojea juu, naye alikuwa ananingojea chini.

"Mkutano umekwisha, Tata."

Alitazama madirisha yale mazuri ya orofa ya tatu. "Umekwisha," alisema. Hakuuliza ni nini kilisemwa. Akaenda kwenye lori, akamwomba mtu mmoja amvute mkono.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilisimama karibu na ngazi ya Ziwani asubuhi na mchana nikijifanya nasubiri mtu, na nikaona kile ambacho sikukiona kwa utepe. Mpiga chapa wa orofa ya pili, binti wa Kihaya, alichungulia chini kila alipotaka kushuka, kama anayechungulia kisima. Tarishi alikuwa amebuni njia yake: alipiga kelele kutoka juu, "Kuna mzee anapanda?" na kama yupo, vijana watatu wanne walirundikana mlangoni wakingoja. Chini nako wazee walingoja vijana washuke wawasalimie. Wakati mwingine pande zote mbili zilingojeana, na ngazi ikakaa tupu kabisa.

Nilimwendea Mkuu. Barua ya kunithibitisha kazini ilikuwa bado haijatoka, na ilikuwa itoke mikononi mwake. Nilikuwa nimejiandalia hoja saba. Nilipofungua mdomo ilitoka moja.

"Ndugu, nilikosea. Ushirika uhamie Vitambaa."

"Kwa nini? Paa linavuja?"

"Hapana. Ngazi." Nikamweleza. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Wewe msomi! Nihamishe ofisi ya wakulima wa mkoa kwa sababu watu wameshindwa kuamkiana? Si nimesema hakuna magoti?"

"Umesema, Ndugu. Lakini kwa sababu hiyo Ijumbi haikusema haja yake. Mjumbe wake alikuwa chini."

"Alikuwa nani huyo?"

"Baba yangu."

Aliacha kucheka. Alizungusha kalamu mezani. Kisha akasema, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea: "Kwetu ukikutana na mama mkwe njiani, unaingia porini mpaka apite." Akafikiri. "Kwenye ngazi ile, pori liko wapi?"

Nilifungua mdomo nijibu.

"Hamna pori," alijijibu. "Andika. Kwa mkono wako, na sahihi yako, kwamba ulikosea wewe, si mimi. Itakaa kwenye faili lako."

Niliandika rasimu tisa. Katika mojawapo nilieleza historia ya ngazi. Ile niliyompa ilikuwa na mistari mitatu: "Nilikosea kuhusu ngazi. Katika ghorofa la Ziwani kijana anayeshuka hawezi kumsalimia mzee anayepanda, na mzee asiyesalimiwa haingii mkutanoni. Ghorofa la Vitambaa lina mahali pa kupishania." Nilipoandika maneno ya mwisho nilimkumbuka yule mtunzaji, nikaona haya peke yangu chumbani.

Mkutano uliofuata ulikuwa Vitambaa. Safari hii sikukubali kutumwa juu. Nilisimama kwenye kona ya kwanza ya ngazi, pale ambapo zamani wachukuzi waliweka marobota wakapumua, na yule mzee mtunzaji akasimama karibu nami, mikono nyuma, akitazama ziwa kana kwamba hatujuani. Tata alipanda polepole. Alipofika kwenye sakafu yangu, nilichuchumaa. Tulikuwa mahali pamoja. Salamu ilichukua muda wake wote, nyuma yake wazee wawili walimpita bila kumgusa, na msichana mmoja aliyekuwa anashuka alipiga goti kwenye kona ya pili, akainuka, akaenda zake.

"Pa kupishania," mtunzaji alisema, akiliambia ziwa.

Nilibaki nje ya mlango wa ukumbi. Walipoita Ijumbi nilisikia kiti, nikaushika ukuta, kisha nikasikia sauti yake. Alilisema neno lake. Alisahau yale maneno aliyoyabadilisha, akarudi kwenye yale ya kwanza, na mwisho akaongeza habari za mama kukaa barabarani, jambo ambalo hatukuwa tumelipanga.

Alipotoka nilimuuliza walisemaje.

"Wamesema kuna kijiji kingine nacho kinataka banda. Watatuma mtu alinganishe."

"Nani?"

"Wanasema wana msomi mmoja mwenye utepe."

Nilianza kumweleza kwamba haiwezekani, mimi ni mtoto wake, watu watasema napendelea kwetu, au nitaogopa kusemwa hivyo nikapendelea kule kwingine, na hata nikiwa mwadilifu hakuna atakayeamini, nami mwenyewe sitaamini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi njoo na mwenzako mmoja asiye wa kwetu," alisema. "Na mje siku ya mvua. Kila mmoja abebe gunia. Kwetu na kwao."

Tulikwenda, mimi na karani kutoka Mwanza. Kile kijiji kingine tulikipima kwanza, na mvua haikutuonea huruma. Ijumbi tulianza asubuhi, gunia kichwani, njia ya bonde, mama mbele yangu na wanawake wengine watatu nyuma. Utepe ulikuwa mfukoni na haukutoka. Kwenye mteremko niliteleza mara mbili. Kwenye mwinuko nilisimama, nikashindwa kuinua mguu, nikabaki katikati ya njia nimefumba macho, maji yananiingia shingoni, njia yote imezibwa.

"Huyu vipi?" mmoja aliuliza nyuma yangu.

"Mwacheni," mama alisema bila kugeuka. "Anapima."